Baada ya operesheni ya kupunguza tumbo: ujipime kwa mizani, futi, daftari au simu?

Mtu aliyefanyiwa operesheni ya kupunguza tumbo Dar es Salaam, Nairobi au India hurudi Unguja au Pemba na mkoba wa dawa, karatasi ya chakula na tarehe ya kuonana tena na daktari. Baina ya tarehe moja na nyengine hupita miezi. Katika miezi hiyo kazi ya kujua kama mambo yanakwenda sawa ni yake yeye na watu wa nyumbani kwake. Maneno ya watu harusini si kipimo: anayekwambia leo "mashaallah, umependeza", kesho atakuuliza kama unaumwa.

Hapa tunalinganisha namna za kuhesabu, aina za mizani, futi ya fundi cherehani, daftari na programu za simu, halafu vipimo vya maabara. Tunawazungumzia waliofanyiwa sliivu, ambayo sehemu kubwa ya tumbo la chakula hukatwa likabaki mfano wa mrija, na waliofanyiwa baipasi, ambayo hubakishwa kifuko kidogo kikaungwa moja kwa moja na utumbo mdogo. Aliyewekewa puto tumboni anaweza kutumia mengi ya haya, ila matarajio yake yawe madogo zaidi.

Kilo, BMI au asilimia?

Kilo zinatosha ukijilinganisha na wewe mwenyewe wa wiki iliyopita. Ukitaka kujua kama operesheni imefanya kazi iliyokusudiwa, au ukijilinganisha na mwenzako mliofanyiwa pamoja, zitakupotosha. Tazama watu wawili wa mfano, wote wamepungua kilo 26 sawasawa (BMI ni uzito kwa kilo, ugawe kwa urefu kwa mita mara urefu):

| | Bibi, sm 160 | Bwana, sm 170 |
|---|---|---|
| Uzito wa mwanzo | kilo 118 | kilo 152 |
| Uzito wa sasa | kilo 92 | kilo 126 |
| BMI | 46.1 hadi 35.9 | 52.6 hadi 43.6 |
| Asilimia ya uzito wa mwanzo | 22.0 | 17.1 |
| Asilimia ya uzito uliozidi | 48.1 | 32.6 |

Kilo ni zile zile, lakini bibi yuko mbele sana. Kama wote wawili wako mwezi wa 6 baada ya sliivu, bibi yuko pazuri, na bwana anastahiki kukaa na daktari wake au mtaalamu wa lishe waangalie anakula nini na anakunywa nini.

Hesabu ya asilimia ya uzito wa mwanzo ni nyepesi: toa uzito wa sasa katika uzito wa mwanzo, gawa kwa uzito wa mwanzo, zidisha kwa 100. Kwa bibi: 118 toa 92 ni 26, 26 gawa kwa 118, zidisha kwa 100, ni 22.0.

Hesabu ya uzito uliozidi ina hatua moja zaidi. Kwanza unatafuta uzito ambao ungekuwa nao kama BMI yako ingekuwa 25, yaani urefu kwa mita, zidisha kwa urefu, zidisha kwa 25. Kwa bibi ni 1.6 mara 1.6 mara 25, sawa na kilo 64. Kwa hiyo alikuwa amezidi kilo 54, na 26 katika 54 ni asilimia 48.1.

Daktari wako anaweza kutumia yoyote kati ya hizi mbili, na wapasuaji wengi bado wanaandika ya pili. Muulize ni ipi, maana "umefika asilimia 50" ni habari mbili tofauti kabisa kwa hesabu mbili tofauti. Sisi tunapendelea ya kwanza. Hesabu ya uzito uliozidi humpendelea aliyeanza akiwa mdogo: bibi mwengine wa sm 160 aliyeanza na kilo 95 akipungua asilimia 22 ile ile ya uzito wake wa mwanzo, hesabu ya pili itampa asilimia 67, ilhali mwenzake wa kilo 118 ataambiwa 48. Wote wawili wamefanya kazi sawa, na mmoja atakwenda nyumbani amevunjika moyo bila sababu.

Kwa asilimia ya uzito wa mwanzo, wengi wa sliivu hufika baina ya 25 na 30 mwisho wa mwaka wa kwanza, na wa baipasi baina ya 30 na 35. Puto huleta karibu na 10 hadi 15. BMI inafaa kwa jambo moja tu: kujua uko kundi gani kabla na baada. Kwa kufuatilia wiki kwa wiki ni kilo zile zile zilizovaa nguo nyengine, kwa sababu urefu wako haubadiliki.

Kuna mtego katika uzito wa mwanzo wenyewe. Wiki mbili kabla ya operesheni wagonjwa wengi hupewa chakula maalumu cha kupunguza ini, na huko peke yake hupotea kilo kadhaa. Mtu akihesabu tangu siku ya kwanza ya kliniki na mwengine akahesabu tangu asubuhi ya operesheni, wanalinganisha vitu viwili. Andika namba zote mbili kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, zitie tarehe, kisha chagua moja na usiibadilishe. Uzito wa siku unayotoka hospitali usiutumie: umebeba maji ya dripu, na watu wengi hutoka wodini wakiwa wazito kuliko walivyoingia.

Mizani ipi ununue

Madukani Darajani na Mwanakwerekwe utakuta aina tatu.

Ya springi, yenye sahani na mshale, haitaki betri na hilo ni jema. Ila springi huchoka, na hewa yetu ya chumvi huila haraka. Mshale hausimami sifuri, na unavyousoma ukiinamia mbele si sawa na unavyousoma umesimama wima. Kosa la kilo moja au mbili ni la kawaida. Kama ndiyo unayo nyumbani, irudishe sifuri kwa kile kigurudumu cha pembeni kila unapopanda, na mtu mwengine akusomee.

Ya dijitali ya kawaida, yenye kioo na miguu minne, ndiyo tunayompendekezea karibu kila mtu. Husoma hadi gramu 100. Kabla ya kulipa, igeuze utazame kiwango chake cha juu. Nyingi zimeandikwa kilo 150 au 180, na ukizidi hapo itaandika alama ya kosa tu. Jambo la pili ni kwamba ikihamishwa inapoteza sifuri yake: iguse kwa mguu, ingoje ionyeshe 0.0, ndipo upande. Na la tatu, ambalo wauzaji hawalisemi: mizani nyingi za aina hii hukumbuka uzito wa mwisho, na ukipanda tena ukiwa na tofauti ya gramu chache hukurudishia namba ile ile. Kwa hivyo kupanda mara tatu mfululizo ukapata namba moja si ushahidi kwamba ni nzuri. Baina ya kupanda na kupanda, mpandishe mtoto au weka dumu la maji, kisha jipime tena.

Ipime ikiwa bado mpya. Chukua dumu, lipime likiwa tupu, kisha litie maji kwa chupa ya lita moja mara kumi. Panda mwenyewe, andika. Kisha mtu akukabidhi dumu ukiwa juu ya mizani. Tofauti iwe kilo 10 na ule uzito wa dumu tupu ulioupima mwanzo. Namna hii unaijaribu mizani pale pale ambapo uzito wako upo, maana nyengine ni sahihi kwa kilo 20 na zinapotoka kwa kilo 120. Aliyetoka kwenye operesheni hivi karibuni asinyanyue dumu. Mtu wa nyumbani amfanyie.

Ya tatu ni ile yenye vipande vya chuma juu ya kioo, inayosoma mafuta, misuli, maji na mifupa na kutuma namba kwenye simu kwa Bluetooth. Hupitisha umeme mdogo sana toka mguu mmoja hadi wa pili na kukisia kilichomo mwilini kutokana na ugumu wa kupita kwake. Kwa kuwa maji ndiyo yanayopitisha umeme, chochote kinachobadilisha maji ya mwili hubadilisha jibu: kiu, hedhi, mazoezi, hata miguu iliyotoka kutiwa udhu. Kwa mtu wa wiki za mwanzo, ambaye maji yake yanapanda na kushuka kuliko wakati wowote wa maisha yake, asilimia ya mafuta inayoonyeshwa haina maana. Kuanzia mwezi wa 6 inaweza kusaidia kama utaangalia mwelekeo wa miezi na si namba ya siku. Mwenye betri ya moyo asiipande kabisa, na mjamzito aiache. Ukiwa na fedha za kununua mizani hii, tunaona ni bora ununue ya kawaida na kinachobaki ukaweke kwenye kipimo cha damu.

Aliyezidi kiwango cha mizani ya nyumbani ana njia mbili. Ya kwanza ni mizani ya jukwaa, zile za kupimia magunia kwa wauzaji wa jumla, au za kupimia karafuu Pemba. Husoma kilo nyingi ila uliza mgawanyo wake ni wa gramu ngapi. Ya pili ni mizani mbili za aina moja sakafuni, mguu huku na mguu kule, usimame wima na mtu azisome zote kwa pamoja. Jumla yake ndiyo uzito wako. Ni njia sahihi, haina hila yoyote.

Pa kuiweka ni kwenye saruji au vigae, pahala pale pale kila siku. Juu ya mkeka, zulia au sakafu ya mbao ya nyumba za Mji Mkongwe miguu ya mizani huzama au kuinama, na namba hupotoka. Usichanganye mizani. Ukijipima kliniki umevaa baibui na viatu baada ya chai, na nyumbani umevaa kanga moja kabla ya kula, tofauti ya kilo mbili haihusiani na mafuta.

Kila siku au kila wiki?

Hili ndilo linaloumiza watu zaidi. Tazama wiki ya kawaida ya mtu wa kilo 92, tangu Jumatatu hadi Jumapili: 92.4, 91.8, 92.9, 92.1, 91.6, 92.6, 91.7. Baina ya juu na chini ni kilo 1.3, na hakuna hata siku moja katika hizo ambayo mafuta yaliongezeka. Ni maji, chumvi, choo na saa ya kulala. Mwenye kujipima Jumatatu tu angeandika 92.4, angejipima Ijumaa tu angeandika 91.6. Wastani ni 92.2, na huo ndio uzito wake.

Kwa miezi 3 ya mwanzo tunasema mara moja kwa wiki, siku ile ile, unapoamka kwa sala ya Alfajiri, umetoka chooni, hujanywa hata maji. Uzito unashuka kwa kasi kiasi kwamba mara moja inatosha kuona njia, na kujipima kila siku huleta wasiwasi usio na faida. Kuanzia mwezi wa 6 au hapo karibu, mshuko unakuwa mdogo kuliko mawimbi ya siku, na mara moja kwa wiki inaanza kukudanganya. Hapo jipime siku nne au zaidi kwa wiki na uandike wastani. Wengi hufanya kinyume: hujipima mara tano kwa siku mwezi wa kwanza, na mwaka wa pili wameitia mizani mvunguni, wakati ndio hasa wanaihitaji.

Wiki ya tatu ina habari yake. Baada ya kushuka vizuri, uzito husimama siku saba, kumi, hata kumi na nne. Wengi huingiwa na hofu kwamba operesheni imeharibika. Kinachotokea ni hiki: siku za mwanzo, kwa kuwa huli karibu chochote, mwili hutumia akiba ya sukari iliyoko kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na kiasi cha gramu 3 za maji. Ikimalizika, maji yake hutoka na mizani hushuka haraka. Ukianza kula vyakula laini, mwili huijaza tena kidogo na maji hurudi, huku mafuta yakiendelea kuyeyuka chini kwa chini. Kwenye mizani huonekana kusimama. Kwenye futi kiuno huwa kinaendelea kupungua. Usipunguze chakula zaidi, na usiache protini.

Wanawake waandike siku za hedhi pembeni ya uzito. Kilo moja au mbili za maji kabla ya hedhi ni kawaida, na bila alama hiyo utaona mwezi mbaya ambao haukuwepo. Vile vile papa mkavu, achari na urojo wa usiku huonekana kwenye mizani ya asubuhi kwa sababu ya chumvi.

Ramadhani madaktari wengi huwazuia kufunga waliofanyiwa operesheni ndani ya mwaka wa kwanza, kwa sababu lita 1.5 hadi 2 za maji haziingii kwenye tumbo dogo baina ya magharibi na daku. Aliyeruhusiwa baadaye ajipime anapoamka kula daku, kabla hajatia kitu kinywani. Kujipima karibu na futari ni kupima kiu.

Futi, nguo na picha

Futi ya fundi cherehani ni kitu cha bei ndogo chenye faida kubwa kuliko yote humu. Kwa mwenye sukari au presha, kupungua kiuno kuna maana zaidi ya kupungua kilo, kwa sababu mafuta ya ndani ya tumbo ndiyo yenye madhara. Nunua ya plastiki iliyotiwa nyuzi. Ya kitambaa kitupu hunyooka. Ilinganishe na rula ya skuli kabla ya kuitumia, khasa kile kipande cha mwanzo chenye chuma, ambacho mara nyingi kimekatwa vibaya.

Kiuno hakipimwi pale pa kufungia mkanda. Tafuta kwa kidole ubavu wa chini kabisa ubavuni mwako, kisha mfupa wa nyonga juu. Katikati ya viwili hivyo ndipo. Weka alama kwa kalamu pande zote mbili ili futi isishuke mgongoni. Simama, toa pumzi ya kawaida, usivute tumbo. Futi iguse ngozi isiiminye. Pima mara mbili. Zikitofautiana zaidi ya sentimita moja, pima ya tatu. Chukua na nyonga mahali palipojaa zaidi, paja, mkono wa juu na shingo. Mara moja kwa wiki mbili inatosha, na tumia sentimita siku zote, kwa sababu mwenye kuchanganya inchi na sentimita hupotea. Lengo jepesi kulikumbuka: kiuno kiwe chini ya nusu ya urefu. Kwa mtu wa sm 160 ni chini ya 80.

Ngozi iliyolegea tumboni, ambayo huja kwa wengi baada ya kupungua sana, itaongeza sentimita. Inyanyue kwa mkono, pitisha futi chini yake, na andika kwamba ulifanya hivyo, ili kipimo cha mwezi ujao kichukuliwe vile vile.

Nguo zetu hazisaidii sana. Baibui, dera na kanzu huanza kupwaya ukiwa tayari umepungua kilo nyingi, na kabla ya hapo hazisemi kitu. Tumia vinavyobana: tundu la mkanda, sidiria, pete, viatu, au suruali moja usiyoifua mara kwa mara. Picha ni jambo la hiari. Anayependa apige mara moja kwa mwezi, ukuta ule ule, mwanga ule ule, mbele na ubavuni, na azifiche kwa nambari ya siri. Zisipite kwenye makundi ya WhatsApp.

Kipimo kimoja zaidi hakihitaji hata futi. Kaa kwenye kiti kigumu kisicho na mikono, kunja mikono kifuani, na kwa sekunde 30 simama na kukaa mara nyingi uwezavyo. Andika idadi kila mwezi. Kilo zikishuka na idadi ikishuka pia, unapoteza misuli, na jambo la kwanza la kutazama ni protini.

Daftari au simu?

Kwa uzito na vipimo vya mwili, tofauti ni ndogo. Simu hukuchorea mstari wa mwelekeo: Libra kwenye Android na Happy Scale kwenye iPhone zimetengenezwa kwa kazi hiyo tu, kusawazisha mawimbi ya kila siku. Daftari halina betri, na halimlazimu daktari kushika simu yako. Simu ikitumbukia majini wakati unapanda boti, miaka miwili ya namba inazama nayo, basi anayetumia simu apige picha ya jedwali lake kila mwezi amtumie mtu wa nyumbani.

Kwa chakula tofauti ni kubwa, na hapa tunaegemea daftari. Programu kama MyFitnessPal na Baritastic zina hazina ya vyakula, lakini ukitafuta boko boko, mkate wa mofa au mchuzi wa nazi wa nyumbani kwako utapata namba alizoingiza mtu mwengine kwa makisio, na kuchagua isiyo sahihi ni kosa kubwa kuliko kutoandika. Isitoshe, aliyefanyiwa operesheni hahitaji kuhesabu kalori miezi ya mwanzo, tumbo linamhesabia. Anachohitaji kuhesabu ni protini, gramu 60 hadi 80 kwa siku kwa wengi, na maji.

Andika nyuma ya daftari orodha fupi ya unavyokula kweli. Yai moja lina gramu 6. Samaki aliyepikwa, gramu 100 bila mifupa, ana karibu 22. Pweza aliyepikwa ana zaidi, ila akikaza humsumbua mwenye tumbo jipya, kwa hiyo asubiri na amtafune sana. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina 8. Kunde au choroko zilizopikwa, kikombe kizima, karibu 14, na mwanzoni hutaweza zaidi ya robo yake. Mayai mawili, samaki gramu 100, maziwa glasi mbili na robo kikombe cha kunde vinakufikisha kwenye 53 au hapo karibu, na unaona mwenyewe kilichobaki. Mtindi mzito au unga wa protini hujaza pengo.

Maji pima kwa chupa, si kwa vikombe vya kukisia. Jaza chupa ya lita 1.5 asubuhi, isipoisha hadi wakati wa kulala, andika kilichobaki.

Presha, sukari na damu

Mizani haioni upungufu wa vitamini. Mtu anaweza kupungua kilo 40 vizuri kabisa huku damu yake inakwisha taratibu. Ratiba ya kawaida ni mwezi wa 3, wa 6, wa 12, kisha kila mwaka maisha yote: wingi wa damu, feritini (akiba ya chuma), vitamini B12, foleti, vitamini D, kalsiamu, albumini, ini na figo. Kabla ya kutoka Wete au Makunduchi kuja mjini, piga simu maabara uulize ni vipimo vipi wanafanya hapo hapo na vipi vinapelekwa kwengine.

Kila kimoja kina kasi yake, na hii ndiyo sababu kuruka ratiba kunaumiza. Akiba ya vitamini B1 mwilini ni ya wiki chache tu, kwa hiyo anayetapika mfululizo yuko hatarini mapema sana. B12 ina akiba ya miaka, kwa hiyo aliyeacha vidonge atajiona mzima muda mrefu kabla ganzi ya miguu haijaanza. Feritini hupanda mtu akiwa na maambukizi, na ikipimwa wakati wa homa itaficha upungufu wa chuma. Biotini, inayouzwa kama dawa ya nywele na kununuliwa sana nywele zinapoanza kukatika mwezi wa 3 hadi wa 6, huvuruga baadhi ya vipimo vya homoni na vitamini D. Mwambie wa maabara unaitumia. Chuma na kalsiamu zisimezwe pamoja, ziachane kwa saa 2.

Mwenye kisukari mashine ya kidoleni ni muhimu kwake kuliko mizani katika wiki za mwanzo. Sukari inaweza kushuka ndani ya siku chache tu, kabla kilo hazijapungua sana, na dozi ya zamani ya insulini au glibenklamaidi ikawa nyingi mno. Ikisoma chini ya 3.9 mmol/L, tibu kwanza kisha mpigie daktari siku ile ile akupunguzie dawa. Kipimo cha miezi mitatu, HbA1c, ni kizuri lakini upungufu wa chuma hukipandisha kwa uongo, na selimundu hukivuruga, kwa hiyo kisomwe pamoja na wingi wa damu.

Kwenye presha kuna kosa ambalo hata kliniki hulifanya. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma presha juu kuliko ilivyo, na mkanda mkubwa kwenye mkono uliokonda husoma chini. Mkanda wa kawaida ni wa mkono wa sm 22 hadi 32, mkubwa ni wa 32 hadi 42. Ndiyo sababu tulisema upime mkono wa juu kwa futi: ukipita chini ya 32, badilisha mkanda, usije ukaambiwa presha imepona kwa sababu ya kitambaa.

Mwaka wa pili na kuendelea

Baina ya mwezi wa 12 na wa 18 uzito hufika chini kabisa, kisha wengi hurudisha kidogo. Kuanzia hapo hesabu inabadilika: huulizi tena umepungua asilimia ngapi toka mwanzo, unauliza umepanda kiasi gani toka uzito wako wa chini kabisa. Uandike kwa wino mwekundu. Tunashauri uweke kengele kwenye asilimia 5 juu yake. Kwa aliyefika 78, ni karibu kilo 82. Wastani ukivuka hapo wiki mbili mfululizo, rudi kwa mtaalamu wa lishe sasa, maana kilo 4 zinashughulikika na kilo 15 ni kazi nyengine. Tazama kwanza vitu vitamu na laini vinavyopita bila kushibisha: chai ya maziwa yenye sukari, juisi ya miwa, halua, kashata. Aliyefanyiwa baipasi vitu hivi humpa pia mapigo ya moyo, jasho na kuharisha.

Ukimwandikia daktari aliye mbali, mpe ujumbe mmoja wenye uzito wa mwanzo, wastani wa wiki hii, asilimia, kiuno, protini ya siku, presha, sukari na dawa unazomeza. Picha ya kioo cha mizani peke yake haimsaidii.

Na kuna dalili ambazo hazisubiri jedwali wala jibu la WhatsApp: kutapika kiasi cha kutoweza kuweka hata maji kwa siku nzima, maumivu makali ya tumbo, homa, mapigo ya moyo zaidi ya 120 umekaa kitako, uvimbe na maumivu ya mguu mmoja, kukosa pumzi, kuyumba au kuona viwili viwili. Nenda Mnazi Mmoja, Abdalla Mzee au hospitali iliyo karibu nawe saa hiyo hiyo, chukua karatasi ya operesheni, na mwambie wa mapokezi tangu mwanzo kwamba umefanyiwa operesheni ya kupunguza tumbo. Kama umetapika siku kadhaa, mkumbushe daktari B1 kabla ya kutiwa dripu ya glukosi.